Mbwa akisafiri, chanjo itangulie



Kila mmoja wetu anajua sharti hili la kazi: kofia inavaliwa mbele ya kushuka chini, si baada ya jiwe kuanguka. Leo tunaongea juu ya mlinzi wa lupango, ni kusema mbwa wako. Naye ana kofia yake, ndiyo chanjo. Nayo pia inavaliwa mbele.

Tuchukue mfano. Konje imefika. Baba anapakia ndani ya gari mama, watoto, mizigo na mbwa, wanaelekea Likasi kwa shemeji. Mwaka mzima mbwa huyo hakutoka nje ya lupango. Kule anakutana na mbwa wa jirani: wananusana, wanagombana juu ya mfupa, wanakunywa maji ndani ya beseni moja. Baada ya siku kumi jamaa inarudi Lubumbashi. Mbwa anaonekana mzima. Lakini amebeba nini?

Magonjwa matatu ya kuogopa

La kwanza ni kichaa cha mbwa. Kinakaa ndani ya mate na kinaingia kwa meno. Mara nyingi dalili zinakawia majuma au hata miezi: mbwa anageuka tabia, anashindwa kumeza, mate yanamtiririka, anang'ata bila sababu. Mwingine hana ukali. Anajificha tu, miguu inalegea. Mate yake yanaweza kuwa na sumu ya ugonjwa siku chache mbele ya dalili kuonekana. Ugonjwa huu unaua watu karibu 59.000 kila mwaka duniani, wengi Afrika na Asia. Kwa watu 100 wanaong'atwa na mbwa wa kushukiwa, 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishatokea kwa mtu, dawa ya kumponya karibu haiko.

La pili ni ugonjwa wa Carré, jina la munganga wa nyama Mfaransa aliyeuchunguza mwaka 1905. Mbwa anakohoa, macho na pua vinatoa uchafu, baadaye anashikwa na kifafa. Mtu haupati, lakini kati ya mbwa unapita kwa pumzi. Mwaka 1994, kule Serengeti, Tanzania, uliua simba karibu 1.000, moja kwa tatu ya simba wote wa pale. Wataalamu walipofuata njia yake walifika kwa mbwa wa vijiji. Ikiwa simba anaanguka, je, mtoto wa mbwa?

La tatu ni parvo, lililojulikana mwaka 1978. Mbwa mdogo anatapika, anahara damu, na anaweza kufa kwa siku chache. Linakaa ndani ya mavi na udongoni kwa miezi mingi. Hata viatu vyako vinaweza kulileta nyumbani. Sabuni peke yake haitoshi. Sakafu ioshwe kwanza, kisha ipakwe maji ya javeli.

Basi tufanye nini?

1. Mpeleke mbwa kwa munganga wa nyama mwezi mmoja mbele ya safari. Chanjo ya kwanza ya kichaa inaomba majuma matatu ili iwe na nguvu. Ile ya asubuhi ya safari haimlindi njiani.

2. Mbwa mdogo asiyemaliza chanjo zake abaki nyumbani.

3. Beba karneti yake, na pia kamba, sahani na maji yake. Mwenye kuvuka Kasumbalesa kwenda Zambia aulizie karatasi mapema kwa veterineri.

4. Mbwa mwenye kukohoa, kuhara au kutapika asisafiri, wala asichanganywe na wengine.

Mtu aking'atwa

Osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji mengi, dakika 15 kamili kwa saa. Usipake majivu wala mafuta. Kimbia hospitali siku ile ile, hata kama kidonda ni kidogo, uombe sindano za kichaa. Mbwa asiuawe ovyo: kama inawezekana bila hatari, afungwe na aangaliwe siku 10.

Mama, waambie watoto wasifiche hata mkwaruzo kwa kuogopa kugombezwa. Mtoto anayenyamaza ndiye anayepotea.

Hapa Lubumbashi hatukosi wa kutushauri: Chuo Kikuu chetu kina fakulte ya waganga wa nyama. Wataalamu wanasema mbwa 70 kwa 100 wakichanjwa, kichaa kinakosa njia ya kupita. Kwa hiyo, ndugu, chanjo ya mbwa wako inalinda pia mtoto wa jirani. Konje ijayo, mbele ya kutafuta gari, fungua karneti ya mbwa uangalie tarehe.