Pampu ya Kukanyaga na Mboga za Tassia

Nyanya na sukuma wiki zinazouzwa kwenye vibanda vya Tassia, mtaa wa maghorofa huko Embakasi, Nairobi, hupanda bei kiangazi kinapokaza. Chanzo kiko mashambani. Wakulima wadogo wengi wa Kenya hungojea mvua, kwa hiyo huvuna kwa pamoja wakati mazao ni tele na bei iko chini. Bei inapokuwa nzuri, hawana cha kuuza. Anayefaidi ni mwenye maji.

Pengo hilo ndilo lililowafanya Martin Fisher na Nick Moon kuanzisha shirika la ApproTEC jijini Nairobi mwaka 1991. Tangu 2005 linaitwa KickStart. Wote wawili walikuwa wamefanya kazi katika miradi ya misaada na kuona vifaa vya bure vikiharibika bila mtu wa kuvitengeneza. Wakaamua kuuza. Pampu yao ya MoneyMaker, iliyotoka mwaka 1996, haihitaji mafuta wala umeme: mkulima huikanyaga kwa miguu. Ile iliyoifuata, Super MoneyMaker, huvuta maji kutoka kina cha mita 7 na kumwagilia hadi ekari 2. Maji yakiwa chini zaidi ya hapo haifai kitu, na hilo mnunuzi aambiwe mapema.

Biashara ya namna hii huitwa biashara ya kijamii: huuza kama duka lolote, lakini hupimwa kwa idadi ya watu waliotoka katika umaskini. Ugumu wake ni hesabu. Bei anayoimudu mkulima maskini inaweza kulipia chuma na usafirishaji. Hailipii miaka ya kubuni pampu, maonyesho ya sokoni, wala safari za kumfikia mtu asiyewahi kumwagilia shamba. Hapo ndipo wafadhili wanapohitajika, na wavumilie, kwa sababu tabia ya kilimo haibadiliki msimu mmoja. Fedha zao zikitumika kugawa pampu bure, muuzaji wa kijijini hufunga duka, na pamoja naye hupotea vipuri.

Mkulima naye hana fedha taslimu. KickStart ilimwekea mpango ulioitwa Tone kwa Tone Pata Pump, wa kuweka akiba kidogo kidogo kwa simu hadi bei itimie. Shirika la One Acre Fund, lililoanza Bungoma mwaka 2006, lilichukua njia ya mkopo: mbegu na mbolea hufikishwa karibu na kijiji kabla ya mvua, mafunzo ya upanzi hutolewa, na deni hulipwa polepole. Mkopo una hatari yake, maana ukame ukila mahindi deni hubaki. Ndiyo sababu mkopo wa kilimo usio na bima ni mzigo kwa maskini.

Kumsaidia mkulima si kazi ya mashirika makubwa peke yake. Wapangaji wengi wa mitaa kama Tassia hutuma pesa nyumbani kila mwezi, na nyingi huishia kwenye unga na karo. Mwenye mzazi anayelima karibu na mto au kisima kifupi aanze kumwekea akiba ya pampu, hata shilingi mia kwa wiki, na amuulize kwanza maji yapo kina gani.