Baiskeli ya Gia Iliyozeeka: Itengenezwe au Inunuliwe Nyingine?

Kutoka Arua hadi Koboko ni mwendo wa kilomita zipatazo 55. Barabara hiyo, iliyo sehemu ya njia itokayo Vurra hadi Oraba mpakani mwa Sudan Kusini, ilikuwa ya vumbi na makorongo mpaka ilipotiwa lami katika miaka ya 2010. Katika vumbi lile baiskeli ya milima, yenye gia na mipira minene, ilikuwa na heshima yake. Sasa lami imefika, nayo baiskeli imechakaa: mnyororo unaruka, breki zinalia, na askari aliyeizoea anaanza kutupia macho mpya zilizotundikwa dukani.

Jambo hili si la bwana peke yake. Fedha za baiskeli hutoka katika mfuko ule ule wa karo na unga, kwa hiyo mama mwenye nyumba ana haki ya kuuliza kilichoharibika hasa.

La kuchunguzwa kwanza ni fremu. Ifutwe vizuri kwa kitambaa, kisha itazamwe chini ya shingo ya usukani na pale inapozungukia mikono ya pedali. Mkwaruzo wa rangi si kitu. Mstari mwembamba wenye kutu ndani yake ni ufa. Hapo isogezwe sumaku. Ikinasa, fremu ni ya chuma, na fundi hodari wa kuchomelea aweza kuiunga. Isiponasa, huenda ni ya alumini, ambayo haiungiki kwa mashine ya kawaida ya kuchomelea vyuma, na hata ikiungwa hupoteza nguvu zake mahali pa moto. Fremu ya alumini yenye ufa yafaa iachwe, hata kama kila kingine kinang'aa.

Fremu ikiwa nzima, mambo mengi yaliyobaki ni madogo kuliko yanavyoonekana. Mnyororo hupimwa kwa utepe wa fundi cherehani. Kutoka pini ya kwanza hadi ya 25, mnyororo mpya una inchi 12 kamili. Ukizidi kwa nusu ya thumuni ya inchi, ubadilishwe upesi. Ukiachwa mpaka ukazidi thumuni nzima, utakuwa umekwisha kuyala meno ya nyuma, na hapo vyote viwili vitanunuliwa pamoja. Wengi hungoja mpaka siku hiyo, halafu huilaumu baiskeli.

Breki nazo zina dawa. Baiskeli nyingi za milima za miaka ya 1990 zina vijiti viwili vya breki kando ya rimu, na vijiti hivyo hupokea breki za mikono mirefu zilizotokea mwaka 1996, ambazo hukamata kwa nguvu zaidi. Sharti mikono ya kushikia kwenye usukani ibadilishwe pia, kwa sababu ile ya zamani huvuta waya mfupi mno.

Walakini yupo mwenye tamaa ya kuongeza breki za diski, uma wa mbele wenye springi na gia 11 nyuma. Huko ni kununua baiskeli mpya kipande kwa kipande, kwa bei ya juu kuliko ikinunuliwa nzima. Fremu ya zamani kwa kawaida haina mahali pa kufungia diski. Tena watengenezaji wakubwa wamehamia magurudumu ya inchi 27.5 na 29, ilhali mpira wa inchi 26 bado wauzwa kwa fundi wa kawaida. Kwa aliye mbali na maduka makubwa, hiyo ni sababu kubwa ya kubaki na ya zamani.

Ni kazi, si umri, inayoweza kubatilisha hesabu hii. Madumu matatu ya maji ya lita 20 ni kilo 60, na gunia la muhogo halipungui sana hapo. Kwa mizigo ya kila siku, ile baiskeli nyeusi ya chuma, yenye njiti 40 nyuma na keria nene, huishinda ya milima hata ikiwa mpya. Nyumba yenye shida hiyo iiuze ya gia ingali inatembea, kabla haijawa chuma chakavu.

Na anayenunua iliyokwisha kutumika adai risiti, aandikiwe na namba ya fremu. Familia za polisi zinajua ni baiskeli ngapi hulala kituoni kwa kukosa karatasi hiyo.