Kahawa ya Mkahawani: Mama, Usione Haya Kuuliza

Akina mama wengi tunaijua kahawa tangu shambani. Huko Kilimanjaro, Kagera na Nyeri tumeichuma na kuipeleka chama cha ushirika, huku nyumbani tukinywa chai. Lakini siku baba watoto anapotukaribisha mkahawani mjini, tunaletewa orodha yenye majina ya Kiitaliano, na mara moyo unaingia baridi. Kwa kuona haya, wengi wetu husema, "Niletee soda tu."

Wapendwa, jambo lenyewe si gumu. Msingi wa karibu vinywaji vyote hivyo ni mmoja, espreso. Hiyo ni kahawa nzito inayopatikana mashine inaposukuma maji ya moto kwa nguvu kupitia kahawa iliyosagwa laini. Huletwa katika kikombe kidogo, kiasi cha mililita 30 hivi, kwa hiyo usidhani umepunjwa!

Ikiongezwa maji ya moto huitwa amerikano. Ikitiwa maziwa ya moto na povu jingi ni kapuchino. Maziwa yakizidi na povu likapungua ni late, ambayo humfaa asiyezoea uchungu. Makiato ni espreso yenye maziwa kidogo tu, na moka huchanganywa na chokoleti.

Kabla ya kuagiza, uliza mambo matatu: ndani mna nini, kikombe ni cha ukubwa gani, na bei ni kiasi gani. Kuuliza si ujinga, na mhudumu yupo kwa kazi hiyo.

Kwa mama mjamzito tunakazia zaidi. Wataalamu wengi wa uzazi hushauri asizidishe miligramu 200 za kafeini kwa siku. Kikombe kikubwa huweza kuwa na espreso mbili, na chai pia ina kafeini, basi ihesabiwe. Anaweza kuomba kahawa iliyoondolewa kafeini. Tena asimeze vidonge vya kuongeza damu kwa kahawa wala chai, maana huzuia mwili kupata madini ya chuma.

Nanyi akina baba mnaochungulia ukurasa huu, msimcheke mke anapouliza. Mtume Petro amewaagiza mkae na wake zenu kwa akili na kuwapa heshima. Saa moja ya mazungumzo, bila watoto wala kazi, ina faida kubwa katika ndoa. Isipotezwe kwa sababu mama aliogopa jina la kinywaji.