Aliyepotelewa na akiba hastahili kuchekwa

Tarehe 13 Oktoba 2006, ikiwa imebaki miezi miwili na siku chache kabla ya Krismasi, kampuni ya Uingereza iitwayo Farepak iliwekwa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Kwa wasomaji wengi wa gazeti hili jina hilo ni geni, na sikukuu hiyo si yetu. Hata hivyo, yaliyosemwa juu ya watu waliopoteza fedha zao katika kampuni hiyo yanatuhusu sana, kwani nasi kila mwaka tunadunduliza kwa ajili ya Idd, kuchinja, Hijja na harusi za watoto wetu, na aghalabu fedha hizo tunazikabidhi kwa mtu tunayemwamini.

Utaratibu wa Farepak ulikuwa mwepesi. Mwanachama alitoa pauni chache kila wiki au kila mwezi kwa mwaka mzima. Fedha hizo zilikusanywa na wakala, ambaye mara nyingi alikuwa jirani, ndugu au mfanyakazi mwenzake, na wengi wao walikuwa wanawake. Ifikapo mwisho wa mwaka, mwanachama alipokea kapu la vyakula au vocha za kununulia bidhaa madukani. Hakupewa riba, wala hakuitarajia. Kampuni ilipoanguka, watu zaidi ya 100,000 walikuwa wameweka jumla ya karibu pauni milioni 40, wastani wa takriban pauni 400 kwa kila mmoja. Kwa familia ya kipato cha chini hiyo ndiyo ilikuwa sikukuu yote: chakula, nguo na zawadi za watoto.

Fedha hizo hazikuibwa usiku na mtu aliyevunja dirisha. Ziliingia katika mzunguko wa fedha za kampuni mama, European Home Retail, ambayo ilikuwa ikidaiwa na benki ya HBOS. Hapakuwa na akaunti ya amana iliyotengwa kwa ajili ya wanachama. Katika siku za mwisho kabisa wakurugenzi walijaribu kuzitenga fedha zilizokuwa zikiendelea kuingia, lakini kwa walio wengi muda ulikuwa umekwisha. Sheria ya ufilisi ikawahesabu wanachama kuwa wadai wasio na dhamana, yaani watu wa mwisho katika foleni, ilhali benki yenye dhamana ilikuwa mbele yao. Mama aliyekuwa akitoa pauni kumi kila wiki akidhani anaweka akiba, kumbe kisheria alikuwa akiikopesha kampuni.

Habari ilipoenea, sauti mbili zilisikika. Ya kwanza ilikuwa ya huruma. Ulianzishwa mfuko wa msaada, wananchi wa kawaida wakachangia, maduka makubwa yakachangia, na HBOS yenyewe ikatoa pauni milioni 2. Kabla ya sikukuu waathirika walipata vocha zilizofikia sehemu ndogo tu ya walichokuwa wameweka.

Sauti ya pili ilikuwa ya lawama. Kwa nini hawakuweka benki wakapata riba? Kwa nini hawakununua vyakula kidogo kidogo wenyewe, ilhali bei za makapu yale zilikuwa juu kuliko za dukani? Kwa nini mtu maskini afanye sikukuu kubwa kuliko uwezo wake? Walijitakia wenyewe, walisema baadhi ya watu.

Inafaa tuyapime maneno haya kwa uadilifu, kwa sababu ndiyo hayo hayo yanayosemwa vibarazani kwetu mweka hazina wa kikundi anapotoweka na fedha za watu.

Wanachama wa Farepak wengi wao walikuwa wakikimbia madeni. Asiyekuwa na akiba mwezi Desemba nchini Uingereza wakati huo alikopa, na mkopo uliopatikana upesi kwa maskini ulikuwa ule wa riba kubwa, ambao mkusanyaji wake alipita mlangoni kila wiki. Aliyedunduliza kuanzia Januari ili asikope Desemba alifanya jambo ambalo sisi Waislamu tunalihimiza kila siku katika darsa zetu. Ajabu ni kwamba alichekwa kwa kutochukua riba.

Kuna na jambo jingine. Fedha iliyo benki hutoka mtoto anapougua au kodi ya nyumba inapofika. Wanachama wale walitaka fedha yao ikae mahali ambapo hata wao wenyewe wasingeweza kuigusa kabla ya wakati. Kila mwanamke aliyecheza mchezo na wenzake, au aliyemwachia kijumbe zamu yake ya mwisho kwa makusudi, analielewa jambo hili bila kufafanuliwa. Hiyo ni njia ya kujitia nidhamu kwa mtu ambaye kipato chake hakimwachii nafasi ya kukosea.

Kadhalika, walimwamini mtu wanayemjua. Wakala alikuwa mtu wa mtaani kwao, na kampuni ilikuwa imetimiza ahadi zake kwa miaka mingi. Hata angekuwa mwangalifu kiasi gani, mwanachama hakuwa na njia ya kuona kilichokuwa kikiendelea kati ya kampuni mama na benki yake. Na huyo wakala naye, ambaye mwenyewe alikuwa amepoteza, ndiye aliyegongewa mlango na kuulizwa fedha ziko wapi.

Haikupita hata miaka miwili, Waingereza wakaonyesha mizani yao ilivyopinda. Mwezi Septemba 2007 wateja wa benki ya Northern Rock walipanga foleni kutoa fedha zao, na katika siku chache serikali ikatangaza kwamba amana zao zote zitalindwa. Hakuna aliyewauliza kwa nini walichagua benki ile. Mwaka 2008 HBOS yenyewe iliyumba, ikachukuliwa na Lloyds na kuokolewa kwa fedha za umma. Wenye akiba kubwa walihesabiwa kuwa watu makini waliopatwa na mkasa, na wenye akiba ya pauni kumi kumi wakahesabiwa kuwa wazembe.

Mwaka 2012 kesi ya kutaka waliokuwa wakurugenzi wazuiwe kuongoza makampuni ilifutwa. Jaji Peter Smith, aliyeisikiliza, aliukosoa mwenendo wa benki katika miezi ya mwisho ya kampuni ile, na Lloyds ikatoa pauni milioni 8 zaidi kwa waathirika. Hata baada ya hapo, na baada ya kusubiri zaidi ya miaka mitano, walichopata kilikuwa takriban nusu tu ya walichoweka.

Sasa tujiulize, dini yetu inatufundisha nini juu ya mtu wa namna hii?

Katika Sahihi Muslim, Abu Said al-Khudri (r.a.) amepokea habari ya mtu aliyenunua matunda zama za Mtume (s.a.w.), yakapatwa na maafa, na madeni yakamwelemea. Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha watu wamtolee sadaka. Walipotoa na isifikie kiasi cha deni, akawaambia wadai wachukue kilichopatikana, na kwamba hawana zaidi ya hicho. Katika habari hiyo hatuoni mtu yule akihojiwa kwa nini alinunua matunda badala ya tende kavu au ngano. Msaada ulitangulia.

Sura ya at-Tawba, aya ya 60, imewataja wenye kuelemewa na madeni miongoni mwa wanaostahiki zaka. Sura ya al-Hujurat, aya ya 11, imekataza watu kuwadharau wenzao, na ikawataja wanawake kwa namna ya pekee, kwani huenda anayedharauliwa ni bora kuliko anayedharau. Mafundisho haya hayakuwekewa sharti kwamba mwenye kupatwa awe kwanza amethibitisha kuwa hakufanya kosa lolote.

Yapo masuala ambayo ni lazima tuyatenganishe. Aliyedunduliza ili apate kilekile alichoweka si sawa na aliyeahidiwa kuvuna mara mbili bila kazi. Sisi Watanzania tunaikumbuka DECI, iliyosimamishwa mwaka 2009, ambapo watu walipanda mbegu wakingoja mavuno makubwa yasiyo na shamba. Huko palikuwa na tamaa, na nasaha inafaa itolewe waziwazi. Lakini hata huko, mwenye kuahidi uongo ana mzigo mzito kuliko mwenye kuusadiki, na nasaha hutolewa kwa staha, baada ya mtu kupata chakula cha watoto wake.

Kejeli ina madhara makubwa kuliko machungu ya moyo. Mwanamke aliyepoteza fedha za kikoba humficha mumewe, kwa sababu anajua ataambiwa, "Mimi nilikukataza." Wenzake nao wananyamaza kwa aibu. Mweka hazina aliyekula amana anahamia mtaa mwingine na kuanzisha kikundi kipya, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumtaja. Hivyo kumcheka aliyedhulumiwa kunamlinda dhalimu. Waathirika wa Farepak hawakukubali kunyamaza. Waliungana, wakawasukuma wabunge, na mwaka 2007 makampuni ya akiba za Krismasi yaliyosalia yaliunda umoja wao na kukubaliana kuzitenga fedha za wanachama katika akaunti za amana.

Nasi tuna ya kufanya bila kusubiri mkasa. Kila kikundi kiulize kwanza: fedha hizi ni amana au ni deni? Zubayr ibn al-Awwam (r.a.), watu walipomletea mali awahifadhie, alikuwa akisema aipokee kama mkopo, kwa kuchelea isipotee nao wakakosa haki yao. Alipofariki, mwanawe Abdullah aliyalipa yote kabla ya kugawa mirathi. Masahaba walijua tofauti ya mambo haya mawili na walitamka wazi. Kijumbe wetu na atamke wazi vilevile.

Pili, fedha za kikundi zikae katika akaunti ya jina la kikundi, yenye watia saini watatu, na zisichanganywe na mtaji wa duka la mtu. Tatu, kila kinachotolewa kiandikwe na kila mwanachama awe na nakala yake, kama tulivyofunzwa katika aya ya 282 ya al-Baqara juu ya kuandikiana. Kumwomba ndugu yako risiti si kumtuhumu. Nne, vikundi visajiliwe. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi vya kijamii katika daraja la nne, na kikundi kilichosajiliwa ni rahisi kukifuatilia. Tukumbuke pia kwamba bima ya amana ya serikali inalinda fedha zilizo katika mabenki, wala haizifikii zilizo katika sanduku la kikoba.

Neno la mwisho ni kwetu sisi tulio katika kamati za misikiti. Anapokuja mtu aliyepotelewa na fedha za kuchinja au za nauli ya Hijja, swali linalotutoka haraka ni, "Kwa nini uliwapa?" Swali hilo lina wakati wake, na wakati huo si pale anapokuwa amesimama mlangoni mwa ofisi. Tuulize kwanza nyumbani kuna nini cha kupika, anadaiwa na nani, na nani mwingine amepotelewa pamoja naye. Kisha tumwite mwenye kushika fedha hizo na tumhoji yeye mbele ya mashahidi. Ijumaa mbili tatu kabla ya kuanza kukusanya michango ya kuchinja, ni vyema makhatibu wetu wakaizungumzia amana, nasi viongozi tukasoma hesabu za mwaka jana hadharani.

Mwenyezi Mungu awafidie waliodhulumiwa, na atujaalie tuwe wenye kutekeleza amana. Amin.