Mafuta na Dereva wa Dar (2): Nusu Lita Iliyopotea Rangi Tatu

Wiki iliyopita tuliziacha meli Kurasini na kwenye boya la Mjimwema, zikishusha shehena. Leo tuyafuate mafuta hadi sheli moja ya Mbagala Rangi Tatu, saa kumi na mbili asubuhi, bodaboda wamejipanga. Hapo hakuna anayesema "jaza". Mtu anafungua tangi, anatamka "ya elfu tano", kisha anaitikisa pikipiki kulia na kushoto, mpira ukiwa bado mdomoni mwa tangi, ili tone lililobaki nalo lishuke. Shilingi haziangalii, maana anazijua. Anaangalia lita.

Aprili 2022 bei kikomo ya petroli Dar es Salaam ilikuwa shilingi 2,861 kwa lita. Mei ikawa 3,148. Agosti ikafika 3,410, na hapo tayari Serikali ilikuwa inatoa ruzuku, iliyoanza Juni kwa shilingi bilioni 100. Kwa dereva anayeweka mafuta ya elfu kumi kwa siku, hiyo ni kushuka kutoka lita tatu na nusu hadi chini ya tatu. Nusu lita kwa pikipiki ya kawaida ni karibu kilomita 20: abiria mmoja wa kwenda Kariakoo, na sehemu ya njia ya kurudi.

Nani alaumiwe? Kijiweni jibu ni moja: mwenye sheli. Leo nitamtetea, ingawa si kazi ninayoipenda. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na haiibuni bei hiyo, inaikokotoa. Inaanza na bei ya mafuta yaliyokwisha safishwa katika soko la Ghuba, kwa dola. Juu yake inawekwa gharama ya meli na bima, pamoja na malipo ya aliyeshinda zabuni ya uagizaji wa pamoja. Zinafuata tozo za bandari, kodi, faida ya muuzaji wa jumla, faida ya rejareja na usafiri wa lori. Faida ya mwenye sheli imepangwa kwa shilingi kadhaa kwa kila lita. Vita vikizuka Ukraine, au meli zikiikwepa Bahari ya Shamu kama mwishoni mwa 2023, haimpandii kwa sababu hiyo. Kodi nazo nyingi ni kiasi kilekile cha shilingi kwa lita. Zinapanda Bunge linapoamua, kama Julai 2023 ilipoongezwa shilingi 100. Kinachoyumba mwezi hadi mwezi ni ule mwanzo wa hesabu, bei ya Ghuba na thamani ya dola, na huo Dodoma hakuna anayeupanga.

Tuliwahi kuwa na kiwanda chetu cha kusafisha mafuta, TIPER, kilichofunguliwa Kigamboni mwaka 1966. Siku hizi matangi yake yanahifadhi tu. Lakini hata kilipokuwa kinasafisha, mafuta ghafi yalikuja kwa meli vilevile, ndiyo maana misukosuko ya bei ya mafuta ya 1973 na 1979 ilitukuta kama ilivyowakuta wasio na kiwanda. Wa umri wangu wanaikumbuka Jumapili ya enzi zile: ikigonga saa nane mchana, gari binafsi lisilo na kibali linatakiwa liwe nyumbani, kubana mafuta.

Turudi kwa dereva. Kila aliye juu yake ana wa kumwachia ongezeko. Muuzaji wa nje anamwachia mwagizaji, mwagizaji analiingiza kwenye kanuni ya EWURA, kanuni inalifikisha kwenye pampu. Dereva wa daladala nauli yake inapangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Mei 2022, kwa ruti zisizozidi kilomita 10, ilitoka shilingi 400 ikawa 500. Desemba 2023 ikawa 600. Kati ya hapo bei ya mafuta ilitangazwa upya si chini ya mara 18, na Oktoba 2023 dizeli ilifika 3,448. Katika miezi kama hiyo konda ana dawa yake: kukatisha ruti. Gari lililoandikwa Bunju linashusha watu Tegeta na kugeuza, anayekwenda Bunju anapanda jingine na kulipa mara ya pili. Jedwali la nauli halijaguswa.

Bodaboda hana hata jedwali. Ana mdomo wake tu, na abiria wa Tandika aliyezoea elfu moja ataita mwingine ukimtajia elfu moja mia tano. Na hesabu, ile fedha ya kila siku anayompelekea tajiri mwenye pikipiki, haijui Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kama ni elfu nane, ni elfu nane; walio kwenye mkataba, siku isiyolipwa inaandikwa deni. Kwa hiyo ongezeko lote linakatwa kwenye kile kinachobaki baada ya mafuta na hesabu, yaani unga na ada ya mtoto.

Ndiyo maana sikuishangilia sana ruzuku ya 2022, pamoja na nafuu iliyoleta. Ilitolewa kwa lita. Mwenye V8 ya Masaki, anayejaza lita themanini kwa mkupuo, alipata nafuu kubwa mara nyingi kuliko huyu anayetikisa tangi Rangi Tatu.

Baadhi ya madereva hawakusubiri. Gesi ya Songo Songo, iliyofika Ubungo mwaka 2004 kwa ajili ya umeme, sasa inaendesha bajaji na teksi, na bei yake haiyumbi kila Ghuba inapochafuka. Tatizo ni vituo, na hilo ni la wiki ijayo. Kwa sasa itoshe kusema kwamba ukipita usiku kwenye foleni ya gesi utawakuta madereva wamelala ndani ya bajaji zao, miguu nje, wakisubiri zamu, na hesabu ya kesho iko palepale.