Ngozi Nyeusi na Hesabu ya Sindano za Uso

Wanaokuja kuulizia sindano za kuhuisha ngozi ya uso huwa na maswali mawili: zinauma kiasi gani, na zinasaidia kweli? Wengi huamini kwamba sindano inayouma zaidi ndiyo inayofanya kazi zaidi, wakakaa tayari kuvumilia. Kwa ngozi yetu nyeusi imani hiyo ina hatari. Ngozi yenye melanini nyingi ikichomwa na kuvimba hujibu kwa kumwaga rangi, na doa jeusi linalobaki laweza kukaa miezi kadhaa. Kila tundu la sindano lina gharama yake, kwa hiyo matibabu yenye matundu machache yana faida hata kwa mtu asiyeogopa maumivu.

Sizungumzii botoksi, inayolegeza misuli ili mikunjo ya paji la uso ipungue, wala filla za kujaza mashavu na midomo. Sizungumzii kabisa dripu na sindano za glutathioni za kung'arisha mwili. Hizo mamlaka ya dawa ya Ufilipino imeshaonya hadharani kwamba haijaziidhinisha kwa kazi hiyo na kwamba zinaweza kudhuru figo na ini. Nazungumzia sindano zinazolenga ngozi yenyewe, kuipa unyevu na kuichochea itengeneze kolajeni, ile protini inayoizuia isilegee.

Inayojulikana zaidi ni asidi ya haialuroniki. Imo mwilini mwetu tayari, na kazi yake katika ngozi ni kushika maji. Tuchukue Profhilo, ya Italia. Bomba moja lina mililita 2 zenye miligramu 64 za asidi hiyo, nusu ya molekuli kubwa na nusu ya molekuli ndogo. Daktari huweka alama 5 kila upande wa uso kwa penseli nyeupe: kwenye mfupa wa shavu, kando ya pua, mbele ya sikio, karibu na kidevu na kwenye pembe ya taya. Sehemu hizo zilichaguliwa ili kukwepa mishipa mikubwa ya damu na neva. Kila alama huchomwa mara moja na kupewa mililita 0.2. Utahisi mchomo, kisha moto wa sekunde chache dawa inapoingia, na pabaki kivimbe mfano wa alama ya kung'atwa na mbu, ambacho kwa kawaida hutulia ndani ya siku moja. Baada ya mwezi unarudia. Matibabu yote ni matundu 20.

Polinukleotidi ni habari nyingine. Hivi ni vipande vya DNA vilivyosafishwa kutoka mbegu za kiume za samaki wa jamii ya samoni na trauti, na Korea Kusini ndiyo iliyovipatia umaarufu kupitia sindano ya Rejuran. Dawa huwekwa kidogo kidogo, karibu na uso wa ngozi, kwa michomo midogo mingi sana inayoenea uso mzima. Awamu moja haitoshi. Kwa kawaida huwa 3 au 4, kila moja ikifuata baada ya wiki 2 hadi 4. Ngozi ya uso imejaa miisho ya neva na dawa yenyewe ni nzito, ndiyo maana wengi hukunja ngumi hata baada ya kupakwa krimu ya ganzi. Vivimbe hubaki siku 1 hadi 3, muda wa kutosha kukuharibia mwaliko wa harusi.

Je, maumivu hayo yanalipa? Mahali pengine ndiyo. Chini ya macho ngozi ni nyembamba, na asidi ya haialuroniki kwa kuvuta maji inaweza kuacha vifuko vya uvimbe. Hapo madaktari wengi hupendelea polinukleotidi, na hata mimi ningeishauri. Vilevile kwa mtu mwenye makovu madogo ya chunusi inastahili kufikiriwa. Lakini kwa uso mkavu, uliochoka na kufifia tu, sioni sababu ya kumchoma mtu mara nyingi hivyo.

Nasema hivyo kwa sababu ushahidi wenyewe ni wa wastani. Tafiti zipo, ila nyingi ni za watu wachache na za miezi michache, na baadhi hugharimiwa na watengenezaji. Zinachoonyesha vizuri zaidi ni kuongezeka kwa unyevu na ulaini. Ngozi iliyolegea sana shingoni haikazwi na sindano hizi, na anayekuahidi hivyo anakuuzia maneno. Marekani iliidhinisha SkinVive mwezi Mei 2023, sindano ya haialuroniki iliyochanganywa na lidokaini ya kupunguza maumivu, kwa ajili ya ulaini wa mashavu tu, na matokeo yake hukadiriwa kufika miezi 6. Pangia bajeti yako muda huo.

Damu ya mtu mwenyewe, inayotolewa mkononi na kuzungushwa kwenye mashine ili kupata maji yenye chembe sahani nyingi ya kuchomwa usoni, huwavutia wengi kwa kuwa "ni ya asili". Shida ni kwamba kila kliniki huiandaa kwa njia yake, na usafi ukikosekana madhara yake ni makubwa. Huko Albuquerque, Marekani, wanawake waliambukizwa VVU kwenye spa iliyotoa huduma hiyo mwaka 2018, na taarifa rasmi ya wataalamu wa afya ya jamii ilitolewa mwaka 2024.

Kuna jambo moja linalotangulia uchaguzi huu wote, nalo ni mkorogo, ule mchanganyiko wa krimu za kung'arisha ngozi, ambao huweza kuwa na steroidi. Wateja wengi hawautaji mpaka waulizwe mara ya pili, kwa upole. Krimu zenye steroidi hukondesha ngozi hadi mishipa midogo ya damu ikaonekana mashavuni. Ngozi hiyo huvilia damu upesi, hupona polepole na hupata madoa kwa urahisi, kwa hiyo sindano yoyote juu yake ni kamari. Wala usiuache ghafla peke yako, kwani ngozi inaweza kulipuka vipele na kuwaka moto. Daktari wa ngozi atakupunguzia taratibu. Katika kipindi hicho krimu ya kuzuia jua ya SPF 30 au zaidi, ikipakwa kila asubuhi, itakufaa kuliko sindano.

Mweleze daktari pia kama una mzio wa samaki, kama una mimba au unanyonyesha, na kama jeraha dogo kwako hugeuka kovu kubwa la keloidi. Kwa Waislamu wanaoniuliza asili ya dawa: haialuroniki nyingi za siku hizi hutengenezwa kwa bakteria maabarani, na polinukleotidi nimeshaieleza. Uamuzi mwingine muulize shekhe wako.

Asidi ya haialuroniki ina faida moja ambayo ingenitosha kuipa nafasi ya kwanza: ikienda vibaya, kuna kimeng'enya cha kuiyeyusha, hialuronidesi. Polinukleotidi haina kiyeyusho kama hicho. Mwulize anayekuchoma kama anacho kimeng'enya hicho kliniki siku hiyo hiyo, na kama yeye ni daktari aliyesajiliwa. Omba uoneshwe boksi kabla halijafunguliwa, hakikisha bidhaa imesajiliwa na TMDA kwa Tanzania au Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya, kisha ondoka na stika yenye namba ya toleo. Akikataa kukuonesha boksi, chukua pochi yako uondoke.