Kanisa Chini ya Kanisa

Neno letu la leo limo katika 1 Wakorintho 3, mstari wa 10 hadi wa 15, ambapo Mtume Paulo asema habari ya msingi na wale wajengao juu yake.

Huko Roma, si mbali na Koloseo, liko kanisa la Mtakatifu Clement. Tulipolizuru, tuliingia kwanza katika kanisa la juu, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 12. Ni zuri mno, tukadhani tumeona yote. Kumbe sivyo!

Tulishuka ngazi, tukajikuta ndani ya kanisa jingine, la karne ya 4. Mji wa kale hupanda juu: nyumba zikibomoka kwa moto, maji au vita, watu hukisawazisha kifusi na kujenga juu yake. Ndivyo kanisa hili lilivyojazwa kifusi, nalo la juu likajengwa juu ya kuta zake. Kwa miaka zaidi ya 700 watu walisali hapo juu bila kulijua, hata padre Mwairlandi, Joseph Mullooly, alipoanza kuchimba mwaka 1857.

Tukashuka tena. Huko chini kabisa zipo kuta za karne ya 1, kichochoro chembamba, na chumba alimoabudiwa mungu Mithras. Katika giza lile twasikia maji yakipita chini ya ardhi.

Na Clement ni nani? Alikuwa kiongozi wa Wakristo wa Roma mwishoni mwa karne ya 1. Barua ijulikanayo kwa jina lake ilipelekwa Korintho mnamo mwaka 96, kwa kuwa Wakorintho walikuwa wamewaondoa wazee wao wa kanisa bila kosa. Angalieni, wapendwa: ni kanisa lile lile ambalo Paulo aliliandikia habari ya msingi, yapata miaka 40 kabla yake! Waliisikia barua ile, wakaitunza, na bado wakagombana.

Sisi je? Twajua ushirika mmoja uliojenga kanisa la mawe kwa harambee. Kina mama walibeba mchanga kutoka mtoni, wazee wakauza mbuzi. Kuta zilipofika mahali pa kuweka paa, ugomvi ukazuka: jina la nani liandikwe kwenye jiwe la msingi? Wengine wakaacha kuja ibadani. Mabati yakakaa ghalani misimu miwili ya mvua. Wala sisi wachungaji hatukukosa lawama, maana tulitaka majina yetu yawemo pia.

Wajenzi wa lile kanisa la karne ya 4, kazi yao ilifukiwa ikasahauliwa. Hakuna aliyewashukuru, na hata leo kuta zao zingali zimelibeba kanisa la juu. Yule mama aliyebeba mchanga, jina lake haliko kwenye jiwe lolote. Lakini Mungu ayaona yaliyo chini ya sakafu. Basi wiki hii, kama kuna ndugu uliyegombana naye kwa ajili ya kazi ya kanisa, mwendee kabla ya Jumapili.

Tuombe. Ee Bwana, utuondolee kiburi cha majina yetu. Utufanye tuwe tayari kubeba bila kuonekana, kwa ajili ya Yesu Kristo, aliye msingi wetu. Amina.